Chumvi Niliyopeleka Mbugani

Kwetu Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Jirani akikuletea mboga kwenye bakuli, unaliosha, unaliweka mahali pa kuonekana, kisha unasubiri mpaka upate cha kutia ndani ndipo ulirudishe. Si lazima kiwe kitu kikubwa. Vitunguu viwili vinatosha, au unga wa kujaza kiganja. Miaka ya vikwazo, nchi jirani zilipofunga mipaka kwa mizigo yetu na maduka ya mtaa wa Asiatique yakabaki kuuza vumbi, niliwahi kuona bakuli letu likirudi na nyanya moja iliyokwisha kulegea. Mama aliipokea kwa mikono miwili na kushukuru sana. Mlango ulipofungwa akaikata, nusu akaitupa, nusu akaitia kwenye maharagwe.

Vyombo vyake vyote alivitia alama kwa msumari kwenye kitako, msalaba mdogo na nukta mbili, ili visipotelee kwenye matanga na harusi za watu. Kila Jumapili baada ya misa alivipitia kimoja kimoja. Aliyekaa na sufuria yake zaidi ya wiki mbili alijulikana mtaa mzima. Nayasema haya mapema kwa sababu kosa tulilokuja kufanya baadaye, dada yangu na mimi, lilitoka hapohapo, kwenye adabu tuliyolelewa nayo na ambayo hatukuwahi kuifikiria mara mbili.

Tulikuwa watatu nyumbani: mama, dada yangu mkubwa na mimi. Mama aliuza maharagwe na ndagala wakavu, dagaa wa ziwani, sokoni. Dada aliuza chai na maandazi kwenye lango la bandari, na huko ndiko alikompata baharia mmoja Mtanzania, kijana mrefu wa Kigogo aliyekuwa akija na meli ya saruji kutoka Kigoma. Mama alimkataa kabla ya kumwona. Alisema mtu anayekuja na boti huondoka na boti, na kwamba yeye hajazaa msichana ili wamwambie siku moja kuwa yuko mahali asipopajua. Hakuna pombe ya posa iliyoletwa, hakuna wazee waliokaa. Wakazozana miezi mitatu, nyumba ikawa haikaliki.

Jioni moja ya Oktoba 1993 dada aliniita uani, nami nikiwa msichana wa miaka kumi na saba. Akaniambia, "Mi naenda. Boti inaondoka usiku huu ao kesho. Usimwambie mama kitu mpaka nitume habari." Niliahidi. Nilikuwa najivunia kuaminiwa, sitaficha.

Kulipokucha redio ilikuwa kimya, na kabla ya saa sita mji mzima ulijua kuwa rais ameuawa. Barabara zikafungwa, watu wakaanza kufa. Mama akaanza kumtafuta dada. Alikwenda bandarini wakamrudisha. Alikwenda hospitali, kisha akaingia mahali wanapoweka maiti, akafunua mashuka. Kila aliporudi alinawa mikono kwa sabuni ya kufulia, kisha ananiuliza, "We unajua kitu?" Nami namjibu, "Apana, mama." Kusema kweli hata mimi sikujua kitu. Sikujua kama boti iliondoka, wala kama dada alifika kwenye boti. Niliogopa kwamba nikisema na dada akaonekana amekufa njiani, mimi ndiye nitakuwa nimemuua. Siku nne nilijibu apana. Siku ya nne, mama alipovaa viatu kwenda tena kufunua mashuka, nilimwambia.

Hakunipiga. Laiti angenipiga. Aliketi kwenye kigoda akiwa na kiatu kimoja mguuni, akasema, "Mi nimeisha kumulilia. Siwezi kuanza upya." Tangu siku ile hakumtaja dada tena, na mimi nikawa mtu ambaye maneno yake hupimwa kwanza kabla ya kupokelewa. Nikisema mvua inanyesha, mama alichungulia dirishani.

Mwaka uliofuata barua ilikuja mkononi mwa mpishi wa meli. Ilikuwa mistari michache. Dada yuko hai. Amejifungua mtoto wa kike. Mume ameacha meli na kupata kazi ya kutengeneza njia ya reli, wanakaa kwa mama mkwe karibu na stesheni ndogo kabla ya Dodoma. Jina la stesheni aliliandika kwa herufi kubwa. "Kazi iko," aliandika mwishoni, bila kusema ni kazi gani. Nilimwambia mama kuna barua. Akasema ana maharagwe ya kuchambua. Nikaificha ndani ya kamusi yangu ya Kifaransa na kudhani mambo yameishia hapo. Mama hajui kusoma, lakini hakuna karatasi inayoingia nyumbani kwake asijue inalala wapi. Kumbe aliitoa, akaipeleka parokiani, sista mmoja akamsomea, kisha akairudisha ukurasa uleule.

Basi vikwazo vikaja, embargo kama tulivyoviita. Chumvi ikawa kitu cha kuulizia, unapita duka hadi duka Asiatique na kila mwenye duka anatikisa kichwa kabla hujafungua mdomo. Iliyopatikana ilipimwa kwa kijiko. Na kwetu, hata ile kidogo ilipopatikana, chakula kilibaki kimepooza. Miezi mingi nilikula maharagwe yasiyo na ladha yoyote, maharagwe ya hospitali. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na juu ya chakula zaidi.

"Mama, ile munyu ya juzi iko wapi?"

"Munyu inapandisha damu. Dokta anakataza."

"Dokta gani? Ulimuona lini?"

"Kula."

Nilikuwa karani wa wakala wa forodha hapo Rohero, ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la viatu. Bandari ilikuwa imelala, basi tulikuja kazini kupanga faili zilizokwisha kupangwa. Kiangazi cha mwaka wa pili wa vikwazo, patron, bosi wetu, akaamua mtu aende Kigoma kuulizia mizigo ya wateja iliyokwama huko, majembe na nyuzi za cherehani, kama kuna karatasi yoyote ya kuiokoa. Alinichagua mimi kwa sababu, alisema, mwanamke hapekuliwi sana. Njia ilikuwa kuzunguka: Gatumba, kuvuka mpaka hadi Uvira, kisha boti ya Wakongo mpaka Kigoma. Nilimuuliza kama naweza kuongeza siku chache za kumtembelea ndugu. Akasema kwa hali ilivyo naweza kuongeza hata mwezi.

Mama sikumwambia habari ya ndugu. Nilimwambia Kigoma tu. Asubuhi ya kuondoka nilikuwa nafunga begi, akaja, akaniwekea mapajani kopo kubwa la maziwa ya unga, lile la kifuniko kilichobonyea, limefungwa kwa kitambaa. Lilikuwa zito kuliko nilivyotazamia.

"Iko nini ndani?"

"Munyu."

Nilibaki nimelishika. Miezi yote ile ya maharagwe ya hospitali ilikuwa ndani ya kopo lile.

"Kama utapita kule," akasema.

"Kule wapi, mama?"

"We unajua. Mutu hafiki kwa watu mikono mitupu. Na wale hawajakunywa hata chupa moya kwangu, basi wasiseme binti yangu ametoka kwa watu wasio na kitu." Akalivuta kopo, akakaza fundo la kitambaa, akanirudishia. "Umuambie…" Akalipapasa kopo. "Apana. Atajua."

Ya Kigoma hayana maana. Majembe yaliendelea kukwama, nikaandika hivyo kwenye daftari, nikapanda treni. Kopo nililipakata muda wote, na kila mkaguzi alipouliza kuna nini ndani nilijibu kwa sauti ya chini, kana kwamba nimebeba dhahabu. Nchi niliyoiona dirishani ilizidi kukauka kila nilipoamka. Mtu aliyezoea kuona ziwa upande mmoja na milima upande mwingine anachoka haraka na mahali ambapo hakuna kitu pande zote. Asubuhi ya siku ya nne tangu nitoke nyumbani, abiria mwenzangu akanisukuma bega, "Dada, stesheni yako hii. Inasimama dakika tano tu, usilegee." Nilishuka nikiwa sijafunga kiatu. Treni iliondoka kabla sijamaliza kukifunga.

Nilimuuliza mkuu wa stesheni kama anamjua mwanamke Mrundi. "Yule? Saa hizi yuko mbugani na wenzake," akasema, akaninyooshea mkono upande ambao mimi niliona tu mwanga. Nilifuata njia ya miguu kupita vichaka vya miiba, mpaka vichaka vikaisha na miti ikaisha na ardhi ikawa nyeupe.

Nimejaribu mara nyingi kuwaeleza watu wa Bujumbura mahali pale na sijawahi kufaulu. Wakati wa mvua ni ziwa la maji ya kufika magotini, waliniambia. Kiangazi maji yanakwenda, yanabaki matope, kisha matope yanakauka na kutoa utando mweupe juu. Tambarare tupu mpaka macho yanauma. Utando ulivunjika chini ya viatu vyangu kama ukoko wa wali. Jua lilinipiga usoni kutoka juu na kutoka chini. Hapakuwa na ndege. Mbali kidogo niliona moshi, na watu wameinama.

Walikuwa wanawake kama kumi. Wengine walikwangua utando ule kwa vipande vya bati na kuukusanya mafungu mafungu, udongo na weupe pamoja. Wengine walijaza udongo huo kwenye ndoo zilizotobolewa matundu chini na kutandikwa nyasi, wakamwagia maji, maji yakadondoka polepole kwenye beseni. Kwenye moto kulikuwa na mapipa yaliyokatwa nusu, yanachemka. Mwanamke mmoja alikuwa akikoroga kwa mwiko mrefu huku ameziba pua kwa khanga. Kando yake, juu ya gunia, palikuwa na lundo la kitu cha rangi ya kijivu. Nilichukua punje nikatia ulimini.

Nilisimama pale nimekumbatia kopo. Sikujua nicheke au nilie, basi nilikasirika. Nilimkasirikia dada kwa kuandika "kazi iko" bila kusema ni kazi gani. Nilimkasirikia mama. Niliyakumbuka maharagwe. Nimevuka mipaka miwili na ziwa zima kuwaletea chumvi watu wanaokanyaga chumvi. Nikafikiri kwa dakika nzima, na nadhani mtu mwingine yeyote angefikiri hivyohivyo: nikiimwaga hapa hakuna binadamu atakayejua. Itazama kwenye weupe na mambo yataisha. Niliwahi hata kufungua fundo la kwanza.

Aliyekuwa anakoroga akashusha khanga usoni. Alikuwa dada. Alikuwa amekonda na kuwa mweusi zaidi, macho mekundu kwa moshi. Hakuja mbio. Alitazama kopo kwanza, kabla ya kunitazama mimi, akalitambua. Alilichukua mikononi mwangu, akaligeuza, akaona msalaba na nukta mbili.

"Ni yeye amelituma?" akauliza. "Ao we umeliiba?"

"Ni yeye."

Akalifungua. Alitazama chumvi nyeupe laini ya dukani, imejaa mpaka kwenye kingo, nami nikajitayarisha kwa kicheko. Hakucheka.

"Kwani munyu Buja iko?"

"Haiko. Embargo."

"Basi mulikuwa munakula nini?"

"Maharagwe, bila kitu. Miezi."

Dada akafunika kopo. Akaketi chini, pale kwenye weupe, wenzake wakiangalia, akalia kwa sauti kubwa mpaka mama mkwe wake akatoka kwenye moto wake kuja kuuliza nani amekufa. Nililia pia. Nilimwomba msamaha kwa kuvunja ahadi siku ile ya nne, naye akanitazama kama mtu asiyeelewa ninachosema. Ndipo nilipotambua kwamba hakujua. Hakuna aliyemwambia kuwa mama alizunguka siku nne akifunua mashuka. Alifikiri mama alikasirika tu, basi, hasira za kawaida za wazazi, akawa anangoja ziishe. Nilimweleza yote tukiwa tumekaa palepale. Baada ya hapo alisimama na kwenda kukoroga pipa, maana ukiliacha linaungua.

Nilikaa kwao siku tatu. Mtoto, msichana wa miaka mitatu, alinikataa kabisa siku ya kwanza na siku ya pili akaninyang'anya kitambaa cha kichwa. Mume alikuwa safarini pamoja na kikosi cha reli. Mama mkwe alikuwa mwanamke mkimya, mwenye Kiswahili cha kukata kata, aliyenisalimia "mbukwa" kila tulipokutana hata kama tuliachana dakika chache zilizopita. Chakula kilikuwa ugali wa uwele na mlenda. Siku ya kwanza dada alitia kijiko kimoja cha chumvi ya mama kwenye mlenda. Mama mkwe akaonja, akafikiri.

"Chumvi hii nzuri kuitazama," akasema. "Lakini haina ukali, mwanangu. Mwambie mama aongeze moto."

Nilikwenda mbugani na dada kila siku na kujaribu kukwangua. Kabla ya saa nne nilikuwa nimejikata mikono na maji yamenichoma kwenye mikato. Nikaitazama mikono ya dada. Ngozi ya vidole ilikuwa imepasuka mistari mistari, mingine mipya, na alikuwa akiitumbukiza kwenye maji yale bila kukunja uso. Kuni wanazitafuta mbali. Maji ya kunywa mbali zaidi. Mwaka ule mvua ilikuwa imewanyima, ghala la uwele lilikuwa limebaki sakafu tu, na nilijua kwamba ugali ninaokula umepimwa.

Siku ya kuondoka dada aliliosha kopo. Chumvi ya mama alikuwa ameifunga kwenye kitambaa na kuiweka pamoja na nguo za mtoto. Akasimama katikati ya nyumba na kopo mkononi, akitazama huku na huku, na mimi nilijua anatafuta nini, maana tumezaliwa nyumba moja. Hapakuwa na unga wa kutoa. Hapakuwa na karanga. Akatoka nje, akarudi amelijaza chumvi yake, ile ya juu kabisa iliyo safi kuliko zote, aliyoichemsha siku mbili. Akakandamiza kwa kiganja, akaongeza, akafunga kwa kitambaa kilekile.

Sikuona ubaya wowote. Niliona ni jambo la akili, kwetu hakuna chumvi, kwao ipo. Nilimuuliza kama ataandika neno. Alitikisa kichwa.

"Nitaandika nini? Atajua."

Wote wawili walisema neno hilohilo, na mimi katikati sikushtuka.

Kwenye kizuizi cha mwisho, karibu kabisa na kuingia Bujumbura, askari alitaka kujua kilichomo. "Ni munyu tu, shefu," nikamwambia. Alifungua, akatia kidole, akaonja, akaita mwenzake. Kila mmoja akachota konzi yake na kuifunga kwenye karatasi. Nao walikuwa na nyumba zao. Kopo lilifika Buyenzi limepungua.

Mama alikuwa mlangoni akichambua maharagwe. Alinikagua mwili kwanza, kichwa mpaka miguu, kisha akaliona kopo. Alilipokea kwa mikono miwili. Akalipima uzito. Akalitikisa karibu na sikio, chumvi ikasikika ikitembea ndani. Nilimwona uso ukifungika, na hata hapo bado sikuelewa.

"Ameirudisha," akasema.

"Apana, mama, sikiliza…"

"Ameonja kidogo, ameirudisha."

"Si yako! Ni ya kwake! Anaitengeneza yeye mwenyewe, huko kuna mbuga nyeupe, munyu inatoka mu udongo!"

Hata mimi nilisikia nilivyosikika. Chumvi inatoka kwenye udongo. Mama alinitazama kwa upole, jambo lililoniuma kuliko yote, akasema, "We ulinidanganya siku ine juu ya ule mutoto. Ulikuwa unanihurumia. Sasa usinihurumie tena." Akalipandisha kopo juu ya kabati na fundo lake, akarudi kwenye maharagwe.

Siku tisa hakulifungua. Siku tisa tulikula chakula kisicho na chumvi huku kopo zima la chumvi likitutazama kutoka kabatini. Nilimweleza habari za mtoto, akasikiliza kama anayesikiliza redio ya jirani. Nilimweleza habari za mlenda. Nilirudi ofisini, nikampa patron ripoti ya majembe, nikamjibu vibaya juu ya jambo dogo na nikaomba radhi. Nilikuwa na hasira na kila mtu, lakini zaidi na mimi mwenyewe wa miaka kumi na saba, yule aliyesema apana.

Jumapili, tumetoka misa, mama alipakua maharagwe na ndizi. Nilitia kijiko kimoja mdomoni na kitu kikanikatika. Nilisimama juu ya kiti, nikashusha kopo, nikafungua fundo kwa meno. Mama alisema, "Acha." Sikuacha. Nikachota kwa vidole na kutia kwenye sahani yangu, kisha nikatia kwenye yake, nyingi, nikakoroga na kijiko chake mwenyewe, jambo ambalo mtoto hamfanyii mzazi.

"Kula," nikamwambia, kama alivyoniambia yeye miezi ile.

Nadhani alikula kwa mshangao tu. Alitafuna. Akaacha kutafuna. Akatafuna tena, polepole.

"Hii iko na moshi," akasema.

Nilijichotea kijiko kingine.

"Na uchungu kidogo, mwishoni." Akaweka kijiko chini. "Hii si munyu yangu."

"Si yako, mama."

Alivuta kopo kwake, akamimina kiganjani. Ilikuwa ya kijivu, ya mabonge makubwa, yenye chembe nyeusi za majivu hapa na pale. Mtu aliyeuza maharagwe sokoni maisha yake yote anajua kutazama kitu kiganjani. Aliisogeza kwa kidole gumba, akaichambua. Alitaka nimweleze tangu mwanzo, nami nikamweleza: bati la kukwangulia, ndoo za matundu, nyasi, pipa lililokatwa, kuni. Safari hii hakuchungulia dirishani.

"Mikono yake iko aje?"

"Imepasuka."

"Na anaitumbukiza mu ile maji?"

"Kila siku."

Mama alikishika tena kijiko. Kisha akala sahani yake yote na kupangusa mchuzi kwa kipande cha ndizi. Alikuwa analia bila kujificha, machozi yanaingia kwenye chakula, na alipomaliza akaomba aongezewe.

Baada ya kula alihamishia chumvi kwenye mtungi wa jikoni, punje hata moja isibaki. Akaliosha kopo, akalifuta, akaligeuza juu ya kizingiti cha dirisha likauke, msalaba na nukta mbili zikitazama juu. Akaanza kuchagua ndagala kwenye kapu, wale wakubwa, wasiovunjika vichwa.

"Ile treni," akaniuliza bila kugeuka, "ulisema inasimama pale dakika ngapi?"

"Dakika tano, mama."

"Zinatosha kushuka," akasema.